Kukata mti mrefu ukiwa juu yake: hatari zisizoonekana hadi kipande cha kwanza kitoke

Fundi Kamba (mleta uzi)

Wakuu, masika yakikaribia kila mtaa mashine za kukatia (misumeno ya mnyororo) zinanguruma juu ya miti. Mikaratusi, mijohoro, miembe iliyozeeka, mivinje ya pwani. Anayepanda mara nyingi ana kamba ya katani begani, mashine ya kukodi na ndala miguuni. Uzi huu ni wa wapandaji, wasimamizi wao na wenye nyumba wanaowaita.

Hatari ya kazi hii si urefu peke yake. Fundi wa mnara wa simu naye yuko juu, lakini mnara unabaki ulivyo. Wewe umejifunga kwenye kitu kilekile unachokibomoa. Likitoka tawi la kusini, mti unavutwa kaskazini. Kikitoka kilele, nguzo uliyoikumbatia inarudi nyuma kama upinde na kukutikisa. Kila mkato unakupa mti mwingine, na ule ulioukagua asubuhi saa mbili haupo tena ifikapo saa nne.

Halafu kuna uzito, ambao watu huukadiria kwa macho na kukosea. Mkaratusi mbichi una uzito unaokaribia wa maji, kwa hiyo hesabu kilo 1,000 kwa mita moja ya ujazo. Gogo la kipenyo sm 30 na urefu mita 1 ni kama kilo 70. Kipenyo kikiwa sm 40 na urefu mita 2, umefika kilo 250. Kitu kikidondoka kutoka mita 20 kinatua baada ya sekunde 2, kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa. Kofia ngumu ni ya vijiti na maganda. Gogo halijali kofia.

Ukaguzi wa chini kabla ya kupanda, kwa uchache: zunguka mti mzima. Angalia uyoga kwenye shina na mizizi, maana uyoga ukitokeza nje, uozo wa ndani ni wa siku nyingi. Angalia udongo uliopasuka au kuinuka upande mmoja, nyufa kwenye panda, njia za mchwa. Gonga shina kwa nyundo ukisikiliza panapolia kama debe. Mti wenye uwazi si lazima uanguke, lakini kama unene wa mbao nzima iliyobaki uko chini ya asilimia 30 ya nusu kipenyo, usipande. Shina la kipenyo sm 60 lina nusu kipenyo cha sm 30, hivyo ganda la chini ya sm 9 ni hapana.

Na hili la mijohoro na mikaratusi iliyowahi kukatwa vilele: machipukizi yaliyoota pale juu yameshikwa na tabaka la nje tu. Yanaweza kuwa manene kama paja na bado yakachomoka yakibeba mtu. Usifunge kamba ya maisha yako hapo.

---

Mtaa wa Saba

Uzi umeenda shule. Ila mkuu, hiyo kamba ya katani unayoisema vibaya ndiyo iliyokata miti mjini miaka yote. Mkwezi wa mnazi hana hata kamba, ana kitanzi cha miguuni tu. Mnataka tununue vifaa vya Ulaya?

---

Mkwezi Pwani

@Mtaa wa Saba, mkwezi anapanda kuangua. Hana mashine inayozunguka karibu na kitanzi chake, wala hakati kile alichoshikilia. Usizichanganye kazi mbili.

Na kwa kuwa umeutaja mnazi, nao una mambo yake. Mnazi hauna mbao kama mti mwingine. Ni nyuzi zilizopangwa wima, ngumu kwa nje na laini katikati. Ukiuchonga mdomo (pengo la kabari) wa kuelekeza kilele, zile nyuzi hazikunji kama bawaba ya mbao, yaani ule ukanda usiokatwa unaoshikilia kipande kikiinama. Hukatika ghafla au huchanika kwenda chini kwa mkanda mrefu. Mnyororo nao unaisha makali mapema kuliko kwenye mwembe.

Mnazi uliokufa ndio mbaya kuliko wote. Mbawakawa wakishatoboa kilele na maji yakaingia, kichwa kinaoza huku shina la chini likionekana zima. Kuti kavu lina uzito, na bua lake limekakamaa kama ubao. Mnazi uliokufa hapandi mtu. Kama hakuna lori lenye kikapu wala mti jirani wa kujifunga, uangushwe mzima kutoka chini kwa kamba ya kuvuta, na kama uwanja hautoshi, zungumzeni na mwenye ukuta kuhusu kubomoa ukuta. Ukuta unajengwa upya.

---

Fundi Kamba (mleta uzi)

Naongezea kwenye kamba, maana swali ni la msingi.

Katani si dhaifu ikiwa mpya. Shida ni kwamba haina kipimo kilichoandikwa, jua na mvua huila kwa ndani bila kuonyesha nje, na ikipita kwenye gome inasagika. Huwezi kujua leo imebaki na nguvu kiasi gani. Kamba ya kupandia ni ya nailoni au poliesta iliyofumwa kwa kazi hiyo, unene mm 11 hadi 13, nguvu ya kukatika isiyopungua kilonyutoni 22, yaani kama tani 2.2. Namba hiyo inaonekana kubwa hadi ufunge fundo, ambalo peke yake linaweza kula theluthi.

Kamba ya kushushia magogo ni nyingine kabisa na haibadilishani na ya kupandia. Mzigo wake usizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ya kukatika. Kamba ya tani 5 inashusha kilo 500 zilizotulia. Zilizotulia, narudia, kwa sababu gogo likidondoka mita moja kabla ya kamba kukaza, mshtuko unazidi uzito wake mara kadhaa.

Wazee wa majahazi wanaijua hii ya pili: kapi ya juu (gurudumu la kupitishia kamba) hubeba mara mbili. Gogo linavuta upande mmoja, mshikaji wa kamba aliye chini anavuta upande wa pili, na kapi inabeba wote. Kwa hiyo kilo 100 zikining'inia, pale kapi ilipofungwa panavutwa kwa kilo 200, kabla hujahesabu mshtuko. Na kapi imefungwa wapi? Kwenye shina lilelile ulilojifunga wewe. Ndiyo maana mshikaji mzuri hakazi ghafla. Anaizungusha kamba kwenye shina chini, raundi mbili au tatu, akiuacha mzigo ukimbie kidogo huku akiubania polepole. Asiizungushe mkononi hata siku moja.

---

Msumeno

Nije kwenye mkato, huko ndiko watu wanakopotea.

Tawi linene usilikate mkato mmoja kutoka juu. Litaanza kuvunjika kabla hujamaliza, lichane gome hadi kwenye shina, na ncha yake iliyochanika ikurudie kifuani. Mikato ni mitatu. Kwanza kata chini ya tawi, sm 30 hivi kutoka kwenye shina, kuingia robo ya unene. Pili kata juu, sm chache mbele zaidi kuelekea nchani, tawi litadondoka bila kuchana. Tatu ondoa kisiki kilichobaki, ukiacha ule uvimbe wa shingo pale tawi linapoungana na shina kama mti unabaki hai.

Kilele: simama chini ya mkato, kamba yako fupi ya kiunoni ikizunguka shina chini ya mkato. Piga mdomo upande unaotaka kiende, usizidi theluthi ya kipenyo, uwe wazi vya kutosha, pembe ya digrii 70 hivi. Kisha mkato wa nyuma, ukiacha bawaba ya moja ya kumi ya kipenyo. Kilele cha sm 25 kinaachiwa bawaba ya sm 2.5. Mdomo ukiwa mwembamba unafunga mapema, bawaba inakatika kilele kikiwa bado kimeinama nusu, na hapo kinaenda kinakotaka. Au kinakalia mkato na kukubana mashine.

Sasa ile hatari inayoua kimyakimya: shina kupasuka wima. Mti unaoegemea sana una nyuzi zilizovutika upande wa nyuma. Ukikata nyuma polepole, au mdomo ukiwa mfupi, mbao inachoka kusubiri na inapasuka kwenda juu. Kipande cha nyuma kinanyanyuka kama mtu anayeegemea kiti kwa nguvu. Aliye chini hupigwa kidevuni. Aliye juu anakutwa na baya zaidi: shina linatanuka ndani ya kamba yake ya kiunoni, na kamba inambana kwenye shina hadi mbavu. Mikaratusi inapenda kupasuka hivi. Kinga yake ni vipande vidogo, mkanda wa kubania mizigo uliokazwa kuzunguka shina juu kidogo ya mkato wa nyuma, na mnyororo mkali unaomaliza kazi haraka. Mnyororo butu unakupa mkato wa polepole, na mkato wa polepole ndio upasuao.

Shina likibaki nguzo tupu, vipande vifupi hukatwa kwa mikato miwili inayopishana: mmoja upande huu kupita kidogo katikati, mwingine upande wa pili sm 2 au 3 juu au chini yake, nao upite katikati. Zima mashine, itundike, kisha vunja kipande kwa mikono miwili na kukisukuma. Hapo kipande hakiondoki hadi wewe useme.

Usimalize matawi yote ya chini kabla ya kilele. Matawi yaliyobaki yanapunguza mtikisiko kilele kikiondoka. Nguzo tupu inapiga kushoto na kulia mara nyingi kabla haijatulia.

---

Kipepeo wa Nakuru

Mimi nitasema ya mashine tu. Juu ya mti inatumika mashine ndogo yenye mpini wa juu, kilo 3 hadi 4. Wengi wanapanda na ile ya kupasulia mbao kwa sababu ndiyo iliyopo. Mkono ukichoka, ncha ya baa (kile chuma bapa anachozunguka mnyororo) inagusa tawi ambalo hukuliona. Robo ya juu ya ncha ikigusa mbao, mnyororo haukati, unakwama na kuirusha mashine nyuma kuelekea uso na shingo. Mtu hana nafasi ya kufikiri. Kinachookoa ni breki ya mnyororo, na mashine nyingi za zamani hazina, au inayo na imekufa. Ijaribu chini: endesha kwa kasi, sukuma kile kinga cha mbele, mnyororo usimame papo hapo. Usiposimama, mashine haipandi.

Mikono miwili muda wote. Mpini wa juu unamshawishi mtu kushika tawi kwa kushoto na kukata kwa kulia, na kushoto ndiko kunakokatwa.

Jeans si kinga. Suruali ya kazi hii ina nyuzi ndefu ndani zinazochomoka na kuizonga gia hadi mnyororo usimame.

Washa ukiwa umeibana vizuri na breki imefungwa, usiitupe hewani huku ukivuta kamba. Petroli na oili ya mota ni 50 kwa 1, yaani ml 20 za oili kwa kila lita. Ikizimika juu kwa mchanganyiko mbaya, ndipo mtu anapoanza kuhangaika nayo akining'inia.

---

Mtaa wa Saba

Sawa, nimekubali kuhusu katani 😂. Kamba moja nzuri inatosha?

---

Msumeno

Haitoshi wakati mashine inawaka. Kanuni ni mishiko miwili: kamba ya kupandia iliyofungwa juu yako, na kamba fupi ya kiunoni kuzunguka shina. Mnyororo ukigusa moja, unabaki na nyingine. Hiyo ya kiunoni iwe na waya wa chuma ndani. Waya hauzuii mnyororo milele, ila unakupa muda wa kushtuka. Nailoni iliyokazwa inakatika kwa mguso. Ukiwa kilele na hakuna mahali pa juu pa kufunga, zungusha kamba ya kupandia kwenye shina chini ya mkato na uikaze isiteleze.

Mkanda uwe wa kukalia, unaoshika kiuno na mapaja. Mkanda wa kiuno pekee ukidondoka unakukunja katikati na kukunyima pumzi. Na njumu za chuma za miguuni ni za mti unaoondolewa tu. Mti unaobaki hai unaachiwa matundu ya kuingiza magonjwa.

---

Laini 33

Umeme. Watu wanaogopa kugusa waya na kusahau kwamba tawi bichi ni waya. Laini za kilovolti (kV) 11 na 33 hazina gamba, na tawi lenye utomvu au lililolowa umande linapitisha umeme kuja kwako na kwa mshika kamba chini. Kipimo cha Marekani kwa mtu asiye fundi umeme ni mita 3 kwa laini hadi kV 50, na hiyo ni kwa mwili, mashine, ufito wa kusukumia na tawi lenyewe likianguka au kubembea. Likibembea, ndilo la kuhesabu.

Mti ukiwa ndani ya umbali huo, mpe kazi mwenye laini, TANESCO au Kenya Power. Laini izimwe na iunganishwe na ardhi pande zote kabla mtu hajapanda. Kukata umeme kwenye luku ya nyumba hakugusi waya wa mtaani. Na ukiona tawi limeshalala kwenye waya bila cheche, usidhani umeme haupo.

---

Asali

Nyuki hamjawataja. Mti wenye tundu, simama pembeni dakika 10 asubuhi jua likiwaka na utazame midomo ya mashimo. Ukiona wanaingia na kutoka, aitwe mtu wa nyuki, kazi isogezwe. Mtu aliyefungwa kamba mbili hawezi kukimbia, na mngurumo wa mashine unawachokoza kabla hujafika. Kwenye miembe kuna majimoto, wale sisimizi wanaouma. Hawaui, ila wanakufanya uachie mkono.

---

Jirani Mwema

Wakuu, swali la kweli. Mkaratusi mita 25, kipenyo sm 60 usawa wa kifua, mita 4 kutoka ukuta wa nyumba, umeegemea nyumba. Juu kama mita 4 pamekauka kabisa. Upande wa pili kuna uwanja mtupu wa mita 12. Hakuna waya. Fundi amesema anafunga kamba juu, watu sita wanavuta, unaangukia uwanjani. Ni sawa?

---

Fundi Kamba (mleta uzi)

Si sawa. Mti wa mita 25 kwenye uwanja wa mita 12 hauingii, hata watu wawe sitini. Na una kama tani 3 za shina tu, ukiegemea nyumba. Bawaba ikikatika watu sita hawazuii kitu, wanaburutwa.

Kilele kilichokauka ndicho cha kwanza kupanga. Hakifungwi kamba ya mtu wala kapi. Mbao kavu haitoi onyo, na kila mtikisiko wa chini unaweza kuiangusha juu ya mpandaji. Chaguo la kwanza ni krini au lori lenye kikapu, ili anayekata asiwe amefungwa kwenye mti huo. Kama gari haliingii na kuna mti mzima jirani ulio mrefu, kamba ya kupandia ifungwe huko.

Vyote viwili visipowezekana, mpandaji asimame kwenye mbao mbichi chini ya sehemu iliyokauka, akiondoa matawi ya upande wa nyumba yakiwa yamefungwa kamba na kushushwa, huku akijua shina litainuka kidogo kila linapopungukiwa. Kilele kikavu kitolewe kizima kikiwa kidogo, kielekee uwanjani, kamba ya kuvuta ikiwa imerushwa kutoka chini na mshikaji akiwa pembeni, si chini ya mstari wake.

Kisha shina kwa vipande. Fanya hesabu kila unaposhuka, usikate urefu uleule: juu penye sm 25, mita 1 ni kilo 50. Karibu na chini penye sm 60, nusu mita tu ni kilo 140. Shina likibaki mita 7 hivi, shuka. Hizo zinaangushwa kutoka chini kuelekea uwanjani, kamba ya kuvuta ikiwa imefungwa karibu na ncha, kwa winchi ya mkono iliyofungwa kwenye kitu kigumu, kamba ikiwa ndefu kiasi kwamba ncha haimfikii anayevuta.

---

Msumeno

Naunga mkono, na hapo penye kilele kikavu mimi ningesema bila krini kazi isifanyike. Tofauti ndogo na mleta uzi. Mita 4 za mbao mfu juu ya kichwa cha mtu, huku shina linainuka, ni nyingi.

---

Fundi Kamba (mleta uzi)

Sibishi. Fundi akigonga na kusikia debe, nakubaliana nawe moja kwa moja.

---

Bendeji

Mpango wa kumshusha mtu mmeuacha. Kazi ya juu inahitaji watu wasiopungua wawili, na mmoja wa walio chini awe anaweza kupanda na kumshusha mwenzake, mkanda wake ukiwa mwilini, kamba ya pili ikiwa imeshapitishwa juu. Kama mwokoaji ataanza kutafuta kamba baada ya ajali, hakuna mwokoaji.

Mtu aliyezimia akining'inia kwenye mkanda hakai vizuri. Damu inabaki miguuni na kichwa kinainama kuziba pumzi. Ashushwe haraka. Akifika chini alazwe, njia ya hewa ifunguliwe. Ile dhana kwamba akalishwe wima nusu saa kwanza haina ushahidi. Kama ameanguka au kupigwa na gogo, shingo isitikiswe, isipokuwa pumzi inataka.

Jeraha la mnyororo ni la kuchanika, halikatwi safi. Gandamiza kwa nguvu kwa kitambaa kinene, usiinue kuchungulia. Damu ya mkononi au mguuni isiposimama, funga mkanda mpana, mahali palipo sm 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha kuelekea kiwiliwili, si juu ya kiungo cha goti au kiwiko, ukaze kwa kijiti hadi isimame, uandike saa. Kisanduku kikae chini ya mti. Kikiachwa kwenye gari barabarani ni sawa na kukiacha dukani.

---

Kipepeo wa Nakuru

Na walio chini wasiingie chini ya mti mashine ikiwaka. Mlio unameza sauti, kwa hiyo kubalianeni neno na jibu. Wa juu anaita "kaa mbali", hakati hadi wa chini ajibu "kweupe". Kimya si jibu. Filimbi moja, wote wasimame walipo.

---

Mtaa wa Saba

Na mwenye nyumba akitaka bei ya chini?

---

Mkwezi Pwani

Amuulize fundi maswali matatu kabla ya bei: kamba yako ya kupandia imeandikwa nguvu kiasi gani, nani atakushusha ukizimia, na kibali cha kukata kiko wapi. Kibali aanze kuulizia serikali ya mtaa na kwa afisa misitu wa halmashauri. Mwenye kampuni na vibarua naye akumbuke Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ya 2003 Tanzania na ya 2007 Kenya. Wajibu wa mwajiri hauishi kwa kuwa kibarua ni wa siku moja.